Kopa Mkekani, Moyo Kiooni: Mwongozo Kamili wa Kucheza Kopa

Disemba 2009 umeme unaokuja Unguja kutoka Bara kwa waya wa chini ya bahari ulikatika, na hatukuuona tena mpaka Machi 2010. Wenye majenereta walikuwa na taa zao. Sisi wa vichochoroni Ng'ambo tulirudi kwenye kandili. Nilikuwa mwanafunzi, na kitu nilichokililia zaidi ni kompyuta za skuli, kwa sababu ndani yake mlikuwa na mchezo wa karata uitwao Hearts ambao nilikuwa nimeuzoea kiasi cha kuuota. Kiza kilipozidi nikatandika mkeka barazani, nikaomba karata za kaka yangu, nikawaambia wenzangu: leo hatuchezi wahed wa sitini tuliouzoea, leo tunacheza kopa, yaani ule Hearts.

Walifungwa vibaya, na si kwa kuwa hawakujua karata. Wale ni watu ambao ukimaliza mchezo wanakutajia nani alitupa nini na kwa sababu gani. Walifungwa kwa kuwa mikono yao imefunzwa kula, yaani kuzoa karata za mezani, na mchezo huu unataka usile. Usiku wa tatu walishaupata, na tangu hapo baraza letu lina michezo miwili.

Mwongozo huu nimeuandika kwa mtu kama wale, anayejua karata tayari lakini hajawahi kucheza kopa. Nimeuandika pia kwa vijana wanaojua moyo mwekundu kutoka kwenye gemu za video tu. Mkekani moyo huo unaukimbia, kwenye kioo unaufukuzia, na namna ya kuuhesabu ni ileile.

Kabla ya kugawa: jua unachokishika

Kijana akituma alama ya moyo kwenye simu husema amemtumia mtu kopa. Sote tumeshaamini kwamba kopa maana yake ni moyo. Asili yake ni nyengine. Neno hili ni la Wareno, waliokaa pwani yetu mpaka ngome yao ya Mombasa ilipoanguka mwaka 1698, na kwao copas ni vikombe. Karata zao za kale zilikuwa na jamii nne: vikombe, sarafu za dhahabu, panga na magongo. Ndiyo maana uru (♦) ni dhahabu, shupaza (♠) ni panga, na pau (♣) ni gongo. Moyo mwekundu ni mchoro wa Wafaransa wa karne ya 15. Karata za Kifaransa zilipoenea Ureno, watu wakachukua picha mpya na kubakisha majina ya zamani, nasi tukayapokea hivyo hivyo pamoja na karata zenyewe na turufu, ile jamii inayokata nyengine zote. Ukishika kopa, basi, umeshika moyo wenye jina la kikombe.

Nimelieleza hili kwa sababu linasaidia mchezoni. Hesabu kopa kama vikombe 13 vilivyojaa kitu kichungu, na kila utakachokinywa kitaandikwa jina lako. Barazani kwetu tulikuwa tukisema "aliyekula kopa kakopa", na msemo huo uliwafundisha wageni haraka kuliko maelezo yangu yote.

Mambo ya kuvua mlangoni

Mchezaji wa wahed wa sitini anakuja na mazoea manne ambayo lazima ayaache kando na viatu vyake.

La kwanza ni mwenza. Hapa kila mtu yuko peke yake. Mtu aliyekaa mbele yako si wako, hakuna wa kumkonyeza wala wa kumpakia mali. Hili ndilo lililowasumbua wenzangu kuliko yote; waliendelea kumhurumia waliyemzoea, na huruma ile ikawa inawaangusha wote wawili.

La pili, hakuna turufu. Karata ya jamii nyengine haikati kitu, hata ikiwa ree, ile yenye A. Mzunguko, yaani karata mnazoweka mmoja mmoja kwa zamu, unaliwa na karata kubwa ya jamii iliyofunguliwa, ile iliyowekwa kwanza, basi.

La tatu ni ukubwa wa karata, na hapa uwe macho. Katika wahed wa sitini seti, yaani saba, inampita mfalme, na wazungu, yaani karata za picha, tunawaita kwa thamani zao: mzungu wa nne ni mfalme, wa tatu ni ghulamu, wa pili ni bibi. Bibi ndiye mdogo wao. Katika kopa mpango ni mwengine: ree ndiyo kubwa, kisha mfalme, bibi, ghulamu, 10, 9, 8, 7, na kuteremka hadi 2. Seti inakuwa saba ya kawaida, na bibi anamla ghulamu. Ili nisimchanganye mtu, kuanzia hapa nitasema mfalme, bibi na ghulamu tu. Na karata zote 52 zinaingia, hata zile zinazowekwa pembeni katika wahed wa sitini. Jokari hazimo.

La nne ndilo moyo wa mchezo: mwenye alama nyingi ndiye aliyeshindwa. Kila karata ya kopa ni alama 1. Bibi wa shupaza peke yake ni alama 13, sawa na kopa zote kwa pamoja. Jumla ya kila mgao ni 26. Karata nyengine zote hazina alama, ila zina nguvu, na nguvu ndiyo inayokutia hasarani.

Kugawa na kupitisha

Mnakaa wanne. Karata zinachanganywa, zinakatwa, na kila mmoja anapata 13. Zamu ziende kulia au kushoto, mradi mmekubaliana na hambadilishi katikati.

Kabla ya kucheza, kila mtu anachagua karata 3 za kumpa mwengine. Mgao wa kwanza mnampa wa kushoto, wa pili wa kulia, wa tatu wa mbele, wa nne hakuna kupitisha, kisha mnaanza upya. Sharti ni moja na lishikwe kweli: unaziweka chini kifudifudi kabla hujaziona ulizopewa. Anayechungulia kwanza ameharibu mgao.

Hapa ndipo mtu anaposhinda au kushindwa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mtu mpya hutoa karata 3 kubwa kuliko zote alizonazo na kujiona salama. Si sahihi kila mara. Ree ya pau ikiwa na 2, 4 na 5 chini yake haina neno. Unazo ndogo za kujifichia, na kubwa utaitoa siku ya amani. Karata ya kuiogopa ni kubwa iliyo pekee yake, au yenye mwenza mmoja tu.

Tuseme umegaiwa hivi. Shupaza: ree, 9, 4. Kopa: mfalme, 7, 3. Uru: 10, 6. Pau: ghulamu, 8, 5, 4, 2. Wengi hapa watatoa ree ya shupaza, mfalme wa kopa na 10 ya uru. Mimi natoa ree ya shupaza na uru zote mbili. Ree ya shupaza lazima iondoke, kwani inamvuta bibi, na walinzi wawili, yaani shupaza ndogo za kujifichia, ni wachache. Lakini zile uru mbili nazitoa ili nibaki sina uru kabisa. Mtu asiye na jamii iliyofunguliwa anaruhusiwa kutupa karata yoyote, na hiyo ndiyo nafasi ya kumtupia mwengine mfalme wa kopa.

Sasa umeokota ulizopewa, na umepewa bibi wa shupaza, ree ya uru na 5 ya kopa. Usikunje uso. Wachezaji wazuri wanasoma nyuso kuliko karata. Unaye bibi, lakini unazo 9 na 4 za shupaza kumlinda, na ree ya uru ni moja tu, itaondoka haraka. Mkono huu ni mzuri kuliko unavyoonekana, na tutaucheza hapa chini.

Mchezo wenyewe

Mwenye 2 ya pau ndiye anayeanza, na anaanza na hiyo hiyo. Kila mtu anafuata jamii kama anayo. Asiyekuwa nayo anatupa anachotaka, isipokuwa katika mzunguko wa kwanza: humo hairuhusiwi kutupa kopa wala bibi wa shupaza. Aliyeweka karata kubwa ya jamii iliyofunguliwa anakula, anaziweka zake kifudifudi mbele yake, na ndiye anayefungua mzunguko unaofuata.

Hakuna kufungua kwa kopa mpaka kopa iwe imeshatupwa na mtu asiyekuwa na jamii. Sisi tunasema kopa imefunguka. Mnaweza kukubaliana mwanzo kwamba bibi wa shupaza akitupwa naye anafungua kopa, wengine hawakubali. Semeni kabla ya kugawa, maana ugomvi wote niliouona katika mchezo huu ulitokana na jambo hilo kuachwa bila kusemwa.

Turudi kwenye mkono wetu. Una 2 ya pau, unaiweka. Wenzako wanaweka pau zao, mmoja anakula kwa mfalme. Hakuna alama ndani yake. Anafungua uru. Wewe una ree ya uru peke yake, unaiweka na unakula. Mzunguko wa kwanza wa uru kwa kawaida ni safi, kwa sababu kila mtu bado anazo, na wa kushoto kwako unajua hakika anazo mbili kwa kuwa wewe ndiye uliyempa. Umekula, hukupata alama, na sasa huna uru tena.

Unafungua kwa 4 ya pau. Mtu anakula, anafungua shupaza ili amtoe bibi mafichoni. Ikiwa mfalme au ree imeshawekwa, mteremshe bibi hapo hapo. Kama bado, unaweka 4. Wanafungua shupaza tena, unaweka iliyobaki. Umebaki na bibi mtupu, na hapa moyo unadunda kweli. Mara mtu anafungua uru. Huna uru. Unamteremsha bibi pole pole juu ya mkeka, na aliyeweka uru kubwa anameza alama 13.

Huo ndio mchezo. Aliyepewa bibi mapema hana sababu ya kuhuzunika akiwa na walinzi watatu au wanne wa shupaza. Mwenye hofu halisi ni yule mwenye mfalme au ree ya shupaza bila walinzi. Na kama huna bibi, mfalme wala ree ya shupaza, basi kila ukipata zamu fungua shupaza ndogo. Fungua tena. Mlazimishe aliye naye amtoe wakati yeye hataki.

Wakati wa kula

Nimesema mchezo huu unataka usile, lakini asiyekula kabisa mwanzoni atakula mwishoni, na mwishoni ndiko kopa zilikojaa. Karata zako kubwa lazima zitoke mahali. Ukiwa wa mwisho kuweka, na mezani hakuna kopa wala bibi, usiweke karata ndogo kwa woga. Kula, tena kula kwa kubwa yako kuliko zote za jamii ile. Unakula au huli, alama ni sifuri. Tofauti ni kwamba umemaliza ree kwa usalama na ndogo yako imebaki kwa siku ya shida. Wenzangu wa wahed wa sitini walipolielewa hili, nikaacha kuwafunga.

Ukiwa wa pili au wa tatu na hujui nyuma yako kuna nini, weka kubwa inayoingia chini ya iliyokwishawekwa. Kama mtu ameweka bibi wa pau, mtupie ghulamu, usimtupie 4. Ile 4 ni mali.

Kuhesabu bila kuumia kichwa

Usijaribu kukumbuka karata 52. Hesabu vitu viwili. Cha kwanza, shupaza kubwa tatu: ree, mfalme, bibi. Zimeshatoka ngapi? Cha pili, kila jamii imefunguliwa mara ngapi. Jamii ina karata 13. Ikifunguliwa mara moja na wote wakafuata, 4 zimekwenda. Mara mbili, 8. Mara ya tatu, 12, na imebaki moja tu. Ukiwa nayo wewe na ukaifungua, hata ikiwa ni 2, itakula. Watu wengi huangushwa na 2 waliyoidhani salama, kumbe wenzake wote wameshazikwa.

Kubeba zote

Mtu akikula kopa zote 13 pamoja na bibi wa shupaza, hapati alama hata moja. Wenzake watatu ndio wanaoandikiwa 26 kila mmoja. Kwa Kiingereza wanasema kupiga mwezi. Sisi tunasema kabeba zote.

Usilijaribu kwa tamaa. Linataka kopa nyingi zinazoshikana kutoka juu, yaani ree, mfalme, bibi, ghulamu, na karata kubwa ndefu katika jamii nyengine, ili ukishika zamu isikutoke tena. Kopa moja ndogo katikati inatosha kukuponza: ukibeba alama 25 na moja ikaenda kwa jirani, zile 25 ni zako.

Kumzuia ni kazi ya baraza zima, na inataka mtu mmoja akubali kuumia. Ukiona mtu anakula mfululizo, anakula hata bibi wa shupaza bila kujali, shituka. Bakisha kopa moja kubwa mkononi na uile kopa kwa makusudi. Utaandikiwa alama 1 au 4, na wenzako wataokoka na 26. Hakuna mwenza katika mchezo huu, lakini kuna wakati kila mtu ni mwenza wa kila mtu dhidi ya mmoja, na napenda sana dakika hizo.

Kuandika alama

Chora safu nne kwenye karatasi. Kila mgao ukimalizika, kila mtu ahesabu kopa alizokula na bibi kama anaye. Mfano: 3, 0, 18, 5. Jumlisha: 26. Isipotimia 26 kuna karata imesahauliwa, itafuteni kabla ya kugawa tena. Mtu wa kwanza kufika 100 anafunga mchezo, na mwenye alama chache kuliko wote ndiye mshindi.

Kwetu kopa haichezwi kwa pesa. Kamari ni haramu, na hata mtu asiyejali hilo ataona kwamba mchezo huu hauhitaji senti kuwa mtamu. Karatasi ya alama inatosha kumfanya mtu mzima akose usingizi. Adhana ikisikika, kila mtu anazilaza karata zake kifudifudi chini ya ukingo wa mkeka mahali alipokaa, na mkirudi mnaendelea palepale.

Mkiwa watatu, toeni 2 ya uru. Kila mmoja atapata 17. Mkiwa watano, toeni 2 ya uru na 2 ya pau, kila mmoja apate 10, na mwenye 3 ya pau aanze. Baadhi ya watu huongeza sharti kwamba anayekula ghulamu wa uru anapunguziwa alama 10. Jaribuni mkishazoea, si mapema.

Kujifunza kwa kompyuta na simu

Mchezo huu ulienea Marekani miaka ya 1880, ukitokana na michezo ya zamani ya Ulaya ya kukwepa kula, na bibi wa shupaza akaongezwa mwanzoni mwa karne ya 20. Dunia nzima iliujua mchezo huu kupitia Microsoft, waliouweka ndani ya Windows mwaka 1992 ili kuonyesha kwamba kompyuta zilizounganishwa zinaweza kucheza pamoja. Ukicheza peke yako uliwekewa wapinzani watatu: Pauline, Michele na Ben. Nimecheza nao mamia ya migao. Wanafuata kanuni vizuri, ila hawana uso wa kusomwa.

Leo simu inatosha. Tafuta programu ya Hearts inayocheza bila intaneti, usije ukamaliza bando kwa ajili ya karata. Cheza migao 10 bila kujali ushindi, ukijiuliza swali moja tu kila mara: bibi wa shupaza ameshatoka? Migao 10 mengine, hesabu mara ngapi kila jamii imefunguliwa. Baada ya hapo njoo mkekani.

Moyo wa kwenye kioo

Vijana wanaoshinda vibanda vya gemu huniuliza kwa nini moyo katika karata ni mbaya ilhali kwenye gemu ni uhai. Jibu ni kwamba pande zote mbili moyo ni kipimo tu. Anayejua kusoma kipimo anafika mbali kwa nyoyo chache, asiyejua anakufa na nyoyo 20.

The Legend of Zelda ya mwaka 1986 inakuanzisha na nyoyo 3 na unaweza kufikisha 16. Katika A Link to the Past ya 1991 kuna vipande vya moyo vilivyofichwa, 4 vinafanya moyo mmoja, na vimo 24. Kanuni yangu kwa wanaoanza: usikimbilie jitu la mwisho wa jengo. Zunguka kwanza, kusanya vipande. Moyo mmoja wa ziada ni kosa moja utakalosamehewa, na kujifunza gemu ni kufanya makosa mengi.

Minecraft ndiyo inayochezwa zaidi na wadogo zetu, na ndiyo inayofaa kuhesabiwa. Una nyoyo 10, na kila moyo ni pointi 2, hivyo pointi 20. Ukianguka, vitalu 3 vya kwanza havikuumizi. Kila kitalu baada ya hapo kinakula nusu moyo. Kuanguka vitalu 13 ni pointi 10, yaani nyoyo 5. Kwa hiyo kabla ya kuruka kutoka kilimani, hesabu vitalu, toa 3, gawa kwa 2, halafu tazama nyoyo zako. Mtoto wa darasa la tatu anaiweza hesabu hii, na nimeona wanaoiweza gemuni kabla ya kuiweza daftarini. Nyoyo hurudi zenyewe ukiwa umeshiba, yaani kipimo cha chakula kikiwa 9 kati ya 10 au zaidi. Kula kabla ya vita. Na rangi ina maana: nyoyo zikigeuka kijani una sumu, nayo itakubakishia nusu moyo bila kukuua, zikiwa nyeusi, hiyo inaua, tafuta dawa mara moja.

Kuna gemu ambazo moyo si uhai bali ni mapenzi ya watu. Stardew Valley ya 2016 ni kijiji cha wakulima, na kila mwanakijiji ana nyoyo kwa ajili yako. Moyo mmoja ni pointi 250. Ukimsalimia mtu unapata 20. Zawadi anayoipenda sana ni 80, na huruhusiwi zaidi ya zawadi 2 kwa wiki kwa mtu mmoja. Ila siku yake ya kuzaliwa zawadi inazidishwa mara 8, hivyo ile ya 80 inakuwa 640, zaidi ya nyoyo mbili kwa siku moja. Andika siku zao za kuzaliwa kwenye karatasi. Mimi naipenda gemu hii kwa kuwa salamu ya kila siku ina uzito ndani yake, kama ilivyo mtaani kwetu.

Undertale ya 2015 inakufanya wewe mwenyewe kuwa moyo mdogo mwekundu ndani ya sanduku, ukikwepa mishale. Hapo mchezaji wa kopa atajihisi nyumbani: unaweza kushinda bila kupiga, kwa kupisha tu.

Na kuna nyoyo zinazouzwa. Candy Crush Saga inakupa nyoyo 5, na ukipoteza moja inarudi baada ya dakika 30. Zikiisha zote utasubiri saa mbili na nusu, na katika kusubiri huko ndipo unapoonyeshwa kitufe cha kununua. Mzazi mwenye simu iliyounganishwa na pesa aweke neno la siri kwenye ununuzi kabla ya kumpa mtoto simu. Na mwambie mtoto ukweli kwamba zile dakika 30 zitapita zenyewe. Zikiisha nyoyo, simu iwekwe chini, karata zitoke.

Kuzitunza karata

Hewa yetu ya chumvi inazila karata za karatasi. Baada ya miezi michache zinanata na kuvimba pembeni. Nunua za plastiki ukizipata. Za karatasi zipanguse kwa kitambaa kikavu, nyunyiza poda kidogo, ileile ya keram, kisha uzifunge na mpira ndani ya kopo lenye kifuniko. Usiziache barazani usiku.

Karata moja ikipotea usitupe zote. Chukua moja ya zile jokari mbili zilizokaa bure ndani ya boksi, maana mgongo wake ni sawa na wa karata nyengine. Kwenye zetu 4 ya kopa ilipotea zamani, ikaangukia mtaroni. Jokari moja tuliichora kwa kalamu nyekundu nyoyo nne na namba 4 pembeni, na mpaka leo inapogawiwa, aliyeipata anaishika kama kopa nyengine yoyote.